Siku Boussad Alipoitwa Barazani

Mpiga mbiu alipopita kichochoroni kwetu Alhamisi ile na kulitaja jina la kaka yangu, nilidhani amekosea nyumba.

"Kesho asubuhi, barazani! Nyumba ya Slimane: Boussad!"

Nilitoka na unga mikononi. "Umesema nani?"

"Boussad."

"Boussad yupi?"

"Mnao wangapi humo ndani?" akanijibu, kisha akaenda kupaza sauti mlango wa jirani.

Baba alikuwa na siku hamsini kaburini. Miaka yote nyumba yetu iliitwa barazani kwa jina lake, naye ndiye aliyeitika. Alipokufa nilijua tutarukwa, kama zinavyorukwa nyumba zilizobaki na wanawake tu. Maana Boussad hakuwahi kuhesabiwa. Kwetu huku milimani, Kabylia, mwanaume huanza kuitwa barazani akitimiza miaka kumi na minane. Boussad alitimiza, wakamruka. Mwaka uliofuata wakamruka. Sasa ana miaka thelathini na mitano, na watoto aliowabeba mgongoni wanakaa kwenye mabenchi ya mawe kuamua mambo ya kijiji, huku yeye akipitisha mbuzi wake wawili nje ya mlango.

Kaka yangu hasomi. Kamba za viatu alijifunza kuzifunga akiwa na miaka kumi na sita, na hadi leo ukimharakisha anazifungua aanze upya. Si kwamba haelewi. Mambo kwa wengine hufika kwa gari. Kwake huja kwa miguu. Kijiji kizima kinampenda, au ndivyo kinavyosema. Wanamwita "maskini" mbele ya uso wake, kwa sauti laini, kama mtu anayempapasa paka wa jirani.

Sasa mtu akikunyima kitu miaka kumi na saba, kisha akuletee mlangoni bila kuombwa, usimshukuru kwanza. Mtazame mikono.

Hazikupita saa mbili, Makhlouf akabisha hodi. Makhlouf ni mtoto wa ami yetu na ndiye katibu wa kijiji, anayeshika daftari la majina. Alikuja na maandazi ya moto ndani ya karatasi. Mtu huyu hajawahi kuniletea hata chumvi.

"Ferroudja, binti ami, hujambo? Yuko wapi mwanaume wetu?"

"Tangu lini amekuwa mwanaume wenu?"

"Tangu kesho," akacheka. Makhlouf hucheka kwa meno ya mbele tu. "Mambo yamebadilika, binti ami. Hatuwezi kuendelea kuwaweka watu wetu pembeni. Kila mtu ana haki zake."

"Na haki zake zimekuja na maandazi?"

"Ulimi wako! Ndiyo maana umechelewa kuolewa." Akaketi bila kukaribishwa. "Liko suala dogo tu."

Kumbe. Nikajifuta unga, nikasikiliza hilo suala dogo. Kijiji kinapata maji ya bomba siku moja katika tano. Serikali imekubali kutujengea tangi kubwa, ila mahali pa kulijenga kijiji kitoe chenyewe. Fundi amekuja, amepima, amependa ngazi ya juu ya shamba letu, lililochongwa mlimani ngazi kwa ngazi.

"Yenye mitini," nikasema.

"Mitini kumi na miwili tu. Pale gari litafika vizuri. Tutachonga kijinjia."

Nilikifuata hicho kijinjia kwa akili yangu, kutoka barabara kubwa hadi mitini yetu, nikaona kinapita wapi: chini kabisa ya jumba la ghorofa tatu analojenga Makhlouf miaka sita sasa, ambalo mpaka leo hufikiwa kwa punda.

"Na asiyetaka kutoa?"

"Shamba ni la nyumba, binti ami. Nyumba husemewa na mwanaume wake. Nani mwanaume wa nyumba hii?"

Akamgeukia Boussad, aliyekuwa amevutwa na harufu ya maandazi na sasa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Boussad! Kesho ukisikia jina lako, unasemaje?"

"Naam!"

"Hodari. Na ukiulizwa umekubali?"

"Naam!"

Makhlouf akanitazama kama mtu aliyekwisha kunywa maji ya tangi.

"Chukua maandazi yako uende," nikamwambia. Lakini Boussad alikuwa amekula mawili, la tatu liko mkononi.

Mitini ile ndiyo inayotulisha. Tini kavu wakati wa baridi, na magauni ninayoshona, basi. Usiku huo nilipanga kitu kimoja tu: Boussad hatatia mguu barazani. Asipokuwepo hataulizwa. Asipoulizwa hatasema naam. Nilijiona mwerevu.

Ijumaa ya kwanza aliamka kabla ya jogoo, akavaa joho jeupe la sufu la baba, lililomfika vifundoni. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

"Leo huendi. Unaumwa."

"Siumwi."

"Unaumwa homa."

Akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakaa hivyo muda mrefu, anasikiliza. "Siumwi, Ferroudja." Lakini mpiga mbiu alipobisha, nilimwambia kupitia tundu la mlango kwamba mgonjwa amelala.

Ijumaa ya pili nilimtuma na mbuzi hadi kwenye mto mkavu, mwendo wa saa nzima. Aliponiuliza kuhusu baraza nikamwambia ni kesho. Aliporudi aliwakuta wanaume wanatoka, wanapiga soga, wanawasha sigara.

"Ulisema kesho," akaniambia.

Siku ile hakula.

Jumanne iliyofuata, nikifua suruali yake, nilikuta mfukoni kadi tatu za plastiki: ya kijani, nyekundu na njano. Nikajua zimetoka wapi. Kila Jumanne msichana mmoja wa chama fulani cha mjini, Thiziri, hufungua darasa la shule ya zamani na kukaa na watu wazima sita kutoka vijiji vyetu, watu wa aina ya Boussad. Tangu mwanzo sikumwamini. Haombi kitu, hauzi kitu, hapigi hata picha. Mtu wa mjini asiyepiga picha, kafuata nini?

Nikaenda na kadi hizo mkononi, zinachuruzika maji.

"Hizi ni za nini? Unamfundisha urefa?"

"Za kusemea, Nna Ferroudja," alisema. Nna ni heshima kwa mwanamke aliyekuzidi umri, kama Dda kwa mwanaume. Alinizidishia heshima, nikazidi kumtilia shaka. "Kijani, nataka. Nyekundu, sitaki. Njano, sijaelewa, nieleze tena. Maneno yakimkwama, anaonyesha."

"Na umeona umfundishe hayo wakati huu huu anapotakiwa kusema ndiyo?"

"Nilianza mwezi wa kumi, kabla baba yenu hajafariki."

"Makhlouf unamjua?"

"Ndiye aliyetupa ufunguo wa darasa."

Basi. Sikuhitaji zaidi. Nikageuka niondoke, akanifuata hadi mlangoni.

"Njano ndiyo anayoitumia kuliko zote. Nyumbani haulizi maswali?"

"Nyumbani hana haja ya kuuliza. Mimi najua anachotaka."

"Anataka kwenda barazani."

"Anataka kuvaa joho," nikasema, nikaenda zangu. Kadi nilimrudishia Boussad, kwa sababu alizitafuta nyumba nzima hadi chini ya mbuzi.

Ijumaa ya tatu nilishuka mapema chemchemini na ndoo mbili. Nilikuwa nimeshapanga uongo wa siku hiyo. Nna Taous alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Ni mjane wa miaka sabini, nyumba yake imeegemeana na baraza, na hakuna linalosemwa kule ambalo halipiti kwake kwanza.

"Ferroudja! Homa ya Boussad imepona? Naona inapenda Ijumaa, kama imamu."

Wanawake wakacheka. Nikakinga ndoo yangu.

"Anaendelea vizuri, Nna Taous."

"Na leo itampata?"

"Inaweza."

"Basi kaiage mitini yako."

Maji yakajaa, yakamwagika miguuni. "Una maana gani?"

Akanitazama, akaona kweli sijui. Uso wake ukabadilika. "We mtoto, miaka yako kumi ya kuuza vitambaa mjini ilikufundisha nini? Jambo huletwa barazani Ijumaa tatu. Kila nyumba huitwa. Anayekataa, aseme. Ya tatu hufungwa. Aliyeitwa mara tatu asiitike, amehesabiwa pamoja na waliokubali. Kimya chake ndiyo ndiyo yake. Zamani watu walikuwa wanajificha mashambani ili mambo yasipite, ndipo wazee wakaweka hivyo."

"Makhlouf hakuniambia."

"Akwambie kwa nini? Umemfanyia kazi yake bure. Yeye kaja na maandazi, wewe ukamalizia kwa ufunguo."

Nikaziacha ndoo. Nilikuwa nimeanza kupanda ngazi aliponiita.

"Na kingine! Unataka wamheshimu, wewe mwenyewe humwiti Dda. Kakuzidi miaka sita."

Nilimkuta Boussad kwenye kizingiti, joho la baba begani. Hakuwa ameniuliza kama leo anaumwa. Alikuwa amekaa tu, kama anayesubiri kuambiwa ugonjwa gani.

"Simama. Unakwenda barazani."

Akasimama haraka hata joho likaanguka. Nikamvalisha upya, ninaongea huku ninavuta pumzi.

"Sikiliza. Makhlouf atasema maneno mengi. Wakikuuliza, sema sitaki."

"Sitaki nini?"

"Sitaki tu."

"Nieleze."

"Hakuna muda wa kukueleza! Sema sitaki. Rudia."

"Sitaki," akasema, lakini aliniangalia mimi, na mkono wake ukaenda mfukoni, kwenye kadi. Hapo nikakumbuka ile naam yake ya furaha mbele ya maandazi. Nikaona kadi ya kijani ikinyanyuka mbele ya wanaume wote. Nikaona mitini inaanguka.

"Lete nikupangie." Nikazichukua zote tatu. Nyekundu nikamtia kiganjani. Kijani na njano nikazisukuma ndani ya gauni langu, kifuani. "Hii ndiyo ya kuonyesha."

"Na nyingine?"

"Zimo mfukoni."

Akaniamini. Akaenda.

Mwanamke haingii barazani, lakini ghala la Nna Taous lina kidirisha kinachochungulia mabenchi ya mawe, na sidhani kama kuna aliyewahi kupendekeza kizibwe. Nilipofika, wanawake walikuwa wamejipenyeza katikati ya mitungi ya mafuta ya zeituni. Thiziri naye alikuwepo, siku ambayo si yake. Nikamwekea alama. Akanisogezea nafasi kando yake.

Chini, mkuu wa kijiji, Dda Amrane, alikuwa anaita majina. Kila mmoja anajibu bila kunyanyua kichwa, kama mtu anayekohoa.

"Boussad wa Slimane."

Makhlouf alikwisha kuanza kuandika kitu kwenye daftari.

"NIPO!"

Sauti ilijaa baraza lote. Watu wakageuka, wengine wakacheka. Mimi nilimtazama Makhlouf: kalamu yake ilisimama.

Boussad alisimama katikati asijue akae wapi. Benchi la nyumba yetu, mahali pa baba, paliwekwa makoti ya watu. Mzee mmoja akayaondoa, moja moja, bila haraka. Boussad akaketi.

Makhlouf akasimama kusoma. Alisoma kama anayemwaga dengu: mwinuko, ujazo, makadirio, kibali, awamu ya kwanza na ya pili. Mitini hakuitaja. "Ngazi ya juu", basi. Akamaliza, akafunga daftari. "Kama hakuna anayepinga..."

Kadi nyekundu ikanyanyuka.

Baraza likapasuka. "Refa! Refa kamtoa Makhlouf!" "Na mchezo wenyewe hajaucheza!" Hata Dda Amrane aliuma sharubu. Mimi nilishusha pumzi. Imekwisha, nikajisemea. Sasa ukae, usiongeze neno.

Makhlouf hakucheka. Akamsogelea, akainama kama unavyomwinamia mtoto. "Boussad, ndugu yangu. Unapinga nini?"

Boussad akaingiza mkono mfukoni. Wa kulia. Akaingiza wa kushoto. Akafunua joho, akapapasa kifuani, akarudi tena mfuko wa kulia. Vicheko vikapungua, kikabaki kikohozi cha mtu mmoja. Mikono yake ikaanza kwenda mbio, mfuko hadi mfuko.

"Anatafuta njano," Thiziri akanong'ona. "Iko wapi njano yake?"

Ilikuwa kifuani kwangu, imenikwaruza kama gunzi.

"Mnaona," Makhlouf akawageukia wenzake, sauti imejaa huruma. "Kaonyesha kadi, hajui ya nini. Kuna mtu kamtia mkononi. Tusimwaibishe maskini. Tuandike hana neno, tuendelee."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko uongo wake wote: mtu kamtia mkononi, na mtu huyo ni mimi.

"Katibu," Dda Amrane akasema, "jina lake kwenye daftari aliliandika nani?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, Dda Amrane."

"Na mimi nani aliniambia?" Akamwelekezea Boussad kidole. "Siku ya arobaini ya baba yake, huyu alikuja kwangu peke yake. Akasimama mlangoni. Akasema: Dda Amrane, baba hayupo, jina la nyumba likiitwa ataitika nani? Nilikaa siku tatu natafuta jibu la kumnyima, sikulipata. Kwa hiyo tutamsubiri. Boussad, tuna asubuhi yote."

Wanawake wote ghalani wakanigeukia. Nilitazama mbele. Hakuniambia. Alikwenda, akarudi, akala chakula nilichompikia, na hakuniambia.

Chini, mikono ya Boussad ilitulia. Midomo ikafanya kazi bila sauti, kisha na sauti.

"Sijaelewa. Nieleze tena."

"Nimeeleza, ndugu yangu..."

"Tena. Polepole."

"Polepole, ndiyo," akadakia mzee wa makoti. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na sisi wengine tuna vipara. Hiyo awamu ya pili ni mnyama gani?"

Ikabidi Makhlouf aeleze kwa maneno ya watu. Kuna tangi. Litakaa kwenye mitini ya Slimane. Mitini itakatwa. Yote? Yote kumi na miwili. Kutakuwa na njia ya gari.

"Itapita wapi?" akauliza kijana mmoja wa nyuma.

"Itapita... chini. Kwa chini."

"Chini ya wapi?"

"Chini ya kwangu, lakini hilo ni bahati tu ya mlima!"

Kelele zilizofuata zilikuwa tamu masikioni mwangu. Boussad alisubiri ziishe, mkono juu, bila kadi.

"Mitini sitaki ikatwe," akasema.

Vizuri. Kaa.

Hakukaa. "Maji nataka. Ferroudja anabeba ndoo."

Kaa, Boussad.

"Pale juu. Pa mbuzi. Ni tambarare. Hakuna mti. Wekeni pale."

Damu ilinipanda kichwani. Pale pa mbuzi, juu zaidi ya mitini, ndipo mahali pekee tulipokuwa napo pa kujenga. Tangu nirudi nimekuwa nikijenga pale moyoni: vyumba viwili, dirisha kubwa upande wa mwanga, cherehani yangu chini yake. Nimeshapima kwa hatua. Boussad alikuwa ananiangalia nikipima, na sikuwahi kumwambia ninapima nini.

"Hapana!" Nilisikia sauti yangu imekwisha kutoka dirishani.

Nna Taous akanifinya hadi nikaona nyota. Chini, vichwa vyote vilinyanyuka.

"Nani huyo?" akauliza Dda Amrane.

"Paka!" Nna Taous akajibu.

Lakini Boussad alinijua. Alikitazama kidirisha, hakukasirika. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Ferroudja, nimeitwa mimi."

Makhlouf alijaribu mara ya mwisho: kule gari halifiki, mchanga na saruji vitabebwa mgongoni. "Tutabeba," Boussad akasema. Dda Amrane akaita majina upya, nyumba moja baada ya nyingine. Wengi walisema ndiyo. Wawili walilalamikia migongo yao. Jambo likafungwa.

Nilifika nyumbani kabla yake. Nilitaka kumfokea, nikapanga maneno, yakawa mengi. Akaingia, akavua joho, akalikunja vibaya, akanyoosha mkono.

"Kadi zangu."

Nikazitoa gaunini. Zilikuwa na joto.

"Ulisema zimo mfukoni."

"Nilisema."

"Hazikuwemo."

Akazihesabu, moja, mbili, tatu. Hakuzirudisha mfuko wa suruali. Alifungua shati, akazitia mfuko wa ndani, akafunga kifungo, akakivuta kuona kama kimeshika. Nilimjua mtu anayefanya hivyo. Ndivyo ninavyofunga mlango mimi, Makhlouf akibisha hodi.

"Utakula, Dda Boussad?" nikamuuliza.

Akanikazia macho. "Unataka nini?"

Ijumaa iliyofuata kijiji kizima kilipanda kwetu kwa kazi. Wanaume walibeba saruji, wanawake walibeba mchanga kwa vikapu, na punda wa Makhlouf, tofauti na mwenye punda, hawakupumzika. Wanafunzi wenzake Boussad wa Jumanne walikuja wote watano, wakapanga mawe. Kwa desturi, mwenye ardhi hulisha watu. Nilipika kuskusi sufuria mbili kubwa na sikumruhusu mtu yeyote anisaidie, maana kila aliyeingia jikoni nilimwona anachungulia.

Mchana, wakati wa kula, nilimwona Makhlouf anachukua sahani yake na kwenda kuketi karibu na Boussad, peke yao, ukutani nyuma ya jiko. Nikajibanza nyuma ya mlango na upawa wangu.

"Kazi nzuri, ndugu yangu," Makhlouf akasema. "Sasa iko karatasi ndogo. Ya utaratibu tu. Unaweka kidole hapa, mambo yanakwenda mbele."

Nikasikia karatasi ikifunguliwa. Nikashika kitasa.

"Soma," Boussad akasema.

"Ni ndefu, itatuchosha. Kwa kifupi..."

"Soma yote."

"Chakula kitapoa."

"Mimi nakula. Wewe soma."

Makhlouf akakohoa, akaanza kusoma. Boussad alikuwa anatafuna. Kila baada ya mistari miwili alisema "rudia", na Makhlouf akarudia. Kitasa kilikuwa kimelowa jasho mkononi mwangu. Sikuufungua mlango. Lakini sikuondoka pia. Nilibaki pale pale, nasikiliza neno kwa neno, mpaka kuskusi jikoni ikaanza kushika chini.